Bendi si shamba la urithi: leo nawasema mashabiki wa roki, nikianza na mimi mwenyewe



Bumu halijatoka, test ya pili ni Alhamisi, madesa yamelala mezani hayajaguswa, na mimi nimekaa kimbwetani naandika habari za magitaa. Mama akisoma hapa nimekwisha. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita na nisipolitoa hata hiyo test sitaielewa.

Ilikuwa hivi. Jumanne mchana nipo kwenye foleni ya chakula, mbele yangu kuna dada wa mwaka wa kwanza kavaa fulana nyeusi yenye mistari meupe iliyojikunjakunja kama vilele vya milima. Wanaojua wanajua. Hilo ni jalada la Unknown Pleasures, albamu ya kwanza ya Joy Division, Waingereza wa Manchester, 1979. Mimi moyo ukanilipuka! Chuo kizima hiki cha singeli na amapiano, kumbe kuna mwenzangu! Nikamgusa bega nikamuuliza, "Dada, unawasikiliza Joy Division?" Akasema, "Ndio nani hao?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kumwambia nikaanza kumsaili kama afisa wa mikopo. "Umevaa fulana ya bendi hata huijui? Haya nitajie nyimbo tatu." Washikaji nyuma yangu wakacheka, nami nikanogewa, nikaongeza la pili na la tatu. Yeye akajibu kwa upole tu: fulana kainunua Karume mtumbani, elfu tatu, kaipenda kwa kuwa ni laini. Kisha akaniuliza swali moja: "Kwani wewe kaka, siku ya kwanza uliwajuaje?"

Nikakosa jibu. Jibu ninalo, ila lilinitia aibu. Niliwajua kwa sababu kuna mtu alinipa. Nilikuwa kidato cha tatu, kaka mmoja wa mtaani aliyekuwa akitengeneza simu alinijazia memori kadi bure, akaniambia sikiliza hizi utanieleza. Hakunisaili. Hakuniuliza nyimbo tatu.

Haikuishia hapo. Ijumaa yule dada kanifuata mwenyewe kwenye vimbweta. "Kaka samahani, ile michoro kwenye fulana yangu ulisema ni mawimbi ya sauti, sivyo?" Nikasema ndio, ni mawimbi ya sauti ya ngoma. Nimekuwa nikiwaambia watu hivyo miaka minne! Akasema, "Si kweli." Yeye anasoma fizikia na ualimu. Akanifafanulia pale pale kwamba ile ni mipigo ya redio kutoka kwenye pulsa, yaani nyota iliyokufa ikabaki kiini kizito kinachozunguka kwa kasi, ya kwanza kabisa ya aina yake kugunduliwa. Ilikuwa mwaka 1967, Cambridge, na aliyeigundua ni Jocelyn Bell, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi. Mchoro ulikuwa kwenye kitabu cha elimu ya nyota, bendi wakaupenda, mbunifu wao Peter Saville akaugeuza rangi, ukawa mweupe juu ya weusi.

Kwa hiyo mimi shabiki mkubwa ndiye niliyekuwa sijui ninachokitazama. Yeye wa mtumbani akaenda kutafuta, akajua, na akarudi kunieleza bila kunicheka. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa twende kwenye hoja yangu. Mashabiki wa hizi bendi tunazoziita za wachache (si lazima ziwe za kale, ila ni zile ambazo hazikupigwa sana redioni lakini wenye nazo wanazipenda mpaka wanakuwa kama dhehebu) tuna ugonjwa mmoja. Tunaamini kwamba kutojulikana ni sifa ya bendi. Tunaamini wao walikaa pembeni makusudi, na sisi tuliowakuta huko tumeteuliwa. Siku bendi ikijulikana tunanuna, tunasema wameuza utu. Mimi nasema huo ni uongo, na wanamuziki wenyewe ndio mashahidi wangu.

Chukua Big Star. Hawa ni vijana wa Memphis, Marekani. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1972 na waliipa jina #1 Record. Rekodi namba moja! Mtu anayetaka kujificha hawezi kuita albamu yake hivyo. Na jina la bendi lenyewe walilitoa kwenye duka kubwa la vyakula, wakajiita nyota kubwa. Walitaka kupendwa na dunia nzima. Wahakiki wakaisifu, nyimbo ni tamu, sauti mbili za Alex Chilton na Chris Bell zinapishana kama kwaya ya watoto waliokua haraka. Kilichokosekana ni kitu kimoja cha kawaida kabisa: albamu haikufika madukani. Usambazaji ulivurugika kati ya makampuni, mtu anasikia wimbo anakwenda dukani anaambiwa hakuna. Ya pili, Radio City ya 1974, yakawa yale yale. Bell alishatoka kabla yake akiwa amevunjika moyo, akaja kufanya kazi kwenye mgahawa wa familia yao, na tarehe 27 Desemba 1978 akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 27. Hakuona hata robo ya heshima anayopewa leo. Sasa wewe shabiki niambie, hilo la kutojulikana lina utamu gani? Kwa Bell ulikuwa msiba tu.

Wengine mtaniletea Velvet Underground. Naam, tuwaongelee, maana ndio mababu wa ukoo huu wote. Albamu yao ya kwanza na Nico, ile yenye ndizi ya Andy Warhol kwenye jalada, ilitoka Machi 1967 na kwenye chati ya Billboard ikaishia nafasi ya 171. Brian Eno ndiye aliyesema mwaka 1982 kwamba walioinunua mwanzoni walikuwa wachache, lakini kila mmoja wao alianzisha bendi. Watu hulirudia hilo kama methali kuonyesha utukufu wa uchache. Mimi nalisoma kinyume. Wale wanunuzi hawakuificha! Waliichukua wakaenda kupiga kelele gereji kwa wenzao. Laiti wangefanya kama mimi na yule dada pale foleni, hadithi ingeishia nafasi ya 171.

Tena kuna mahali hili lilikuwa jambo la jela. Huko Chekoslovakia, baada ya majeshi ya Kisovieti na washirika wake kuingia mwaka 1968, vijana wa Prague walianzisha bendi inaitwa Plastic People of the Universe, wakipiga mambo ya Velvet na ya Frank Zappa. Serikali ikawanyima kibali, wakawa wanapiga maharusini na mashambani kwa kupeana taarifa kwa siri. Mwaka 1976 wakakamatwa, wengine wakafungwa. Kesi ile iliwaudhi waandishi na wasomi mpaka mwaka uliofuata likatoka tamko la kudai haki, Mkataba wa 77, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mwandishi wa tamthilia Václav Havel, ambaye Desemba 1989 akawa rais wa nchi. Wale walikuwa na kila sababu ya kuficha muziki wao, sababu ya polisi, na bado walihangaika ili watu wausikie. Sisi ambao hatutishwi na polisi yeyote tunauficha ili tuonekane wa maana kafteria. Aibu!

(Kwa faida ya ubishi: albamu bora ya Velvet si ile ya ndizi. Ni ile ya tatu, ya 1969, ya kimya kimya. Wasiokubali njooni kimbwetani na maji yenu ya kunywa, tutabishana mpaka magharibi.)

Kuna rafiki yangu tulipojadili haya alinibana vizuri, na hoja yake naiheshimu. Kasema, "Sawa, lakini bendi ikijulikana sana kweli huwa inaharibika. Kampuni inataka wimbo ufanane na uliopita, na watu wanakuja kupiga picha tu, hawasikilizi." Nakubali nusu. Tazama Nirvana baada ya Nevermind ya 1991. Umaarufu ule ulimlemea Kurt Cobain na sote tunajua mwisho wake Aprili 1994. Lakini tazama pia alichofanya na umaarufu huo. Aliwaambia watu waziwazi kwamba wimbo wao mkubwa kuliko yote alijaribu kuwaiga Pixies, bendi ya Boston ambayo wengi hawakuwa wameisikia. Kisha kwa albamu iliyofuata, In Utero ya 1993, wakamchukua Steve Albini, yule yule aliyerekodi Surfer Rosa ya Pixies mwaka 1988. Albini naye alikataa asilimia ya mauzo, akataka alipwe ujira wake mara moja kama fundi bomba, basi. Angechukua asilimia angekufa tajiri (alifariki Mei 2024). Kwa hiyo kilichoharibu si wingi wa wasikilizaji. Kinachoharibu ni anayetaka kuwakamua. Na mimi nikiwasaili watu foleni nami nakamua, nakamua sifa kwa jasho la wengine.

Haya, sasa nije nyumbani, maana najua kuna mtu anasoma huku anasonya: "Huyu naye na mambo yake ya wazungu." Nimelisikia hilo tangu sekondari. Ndugu yangu, roki ilitoka kwa weusi, Sister Rosetta Tharpe alikuwa anachana gitaa la umeme kanisani na jukwaani kabla hao wengine hawajashika hata la mbao. Na ukitaka bendi ya wachache kweli kweli, watafute Death wa Detroit. Ndugu watatu weusi wa familia ya Hackney: David, Bobby na Dannis. Mwaka 1975 walirekodi muziki wa kasi ambao baadaye ulimwengu uliuita panki. Bosi mmoja wa kampuni kubwa aliwataka wabadili jina, David akakataa katakata. Wakatoa wenyewe santuri moja ya nyimbo mbili mwaka 1976, nakala 500, ikapotea. David alifariki mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu. Kabla ya hapo alimkabidhi ndugu yake kanda akamwambia azitunze, siku moja watu watakuja kuziulizia. Zikawekwa darini. Miaka ikapita, watoto wa Bobby wakausikia ule wimbo kwa wakusanyaji wa santuri, wakaitambua sauti ya baba yao! Albamu ikatoka 2009, miaka 34 baada ya kurekodiwa. Mimi hadithi hii kila nikiisimulia sauti inanikwama. Na sababu ninayo, subirini.

Mwenzangu wa chumbani ni mtu wa Mbeya. Mpole, kazi yake kukoroga uji saa tano usiku. Mwezi uliopita nilikuwa nampigia kelele na magitaa yangu, akaniambia, "Mbona hizo kama zile za Zambia alizokuwa anapiga mzee?" Nikamcheka. Akaingia YouTube kwa bando lake, akaniwekea WITCH. Wadau! Gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami, besi inatembea, halafu ngoma chini yake ni za kwetu kabisa. Hao ni vijana wa Kitwe, mkoa wa shaba, miaka ya 1970. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda walimwita Jagari, kwa kumfananisha na Mick Jagger. Albamu yao ya Lazy Bones!! ni ya 1975. Walikuwa wengi: Amanaz, Ngozi Family, Musi-O-Tunya. Muziki wenyewe leo unaitwa Zamrock. Rais Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, vijana wakaitikia kwa njia ambayo sidhani kama mzee aliitarajia.

Kwa nini tusiwajue, na tumepakana nao? TAZARA ilijengwa 1970 mpaka 1975, miaka ile ile, reli moja kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi! Jibu linafanana na la Big Star ila ni chungu zaidi. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, uchumi ukaanguka, santuri zikawa anasa. Kisha ukaja UKIMWI ukawamaliza. Katika kikosi kile cha WITCH kilichovuma, aliyebaki hai ni Jagari peke yake, na kwa miaka mingi alikuwa akichimba vito ardhini kutafuta riziki. Kampuni za nje zilipoanza kutoa upya zile albamu akaanza tena kuimba, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Mwaka 2024 rapa wa Marekani Tyler, the Creator akachukua kipande cha Ngozi Family akakiweka kwenye wimbo wake. Paul Ngozi mwenyewe alishafariki tangu 1989.

Na si Zambia tu. Dar es Salaam hii hii ilikuwa na bendi inaitwa Sunburst, Watanzania na Wakongo, wakipiga roki iliyochanganyika na soul na mahadhi ya huku. Albamu yao Ave Africa ilitoka Zambia mwaka 1976, na mwaka 2016 kampuni ya London ikaitoa upya pamoja na rekodi zao nyingine tangu 1973. Mimi ninayejiita mtaalamu wa roki, ninayejua Chris Bell alikufa tarehe ngapi, nilikuwa sijawahi kuisikia bendi ya mji ninaosoma. Nimeijua mwaka huu, tena kupitia mkoroga uji.

Sasa ile sababu niliyosema. Baba yangu mdogo aliwahi kufanya kazi relini kule Tunduma ujanani. Alikuwa na sanduku la santuri, nilipokuwa darasa la tatu liko stoo kwa bibi. Gramafoni ilishakufa. Mimi na binamu zangu tulizitoa zile santuri tukawa tunazirusha uwanjani kama visahani, tunashindana nani ataifikisha mbali. Likizo moja tu tulimaliza sanduku zima. Bibi alitugombeza kwa sababu ya vipande kuwachoma kuku miguu, basi. Ba'mdogo aliporudi hakusema kitu, aliinama akaokota kimoja akakiangalia, akakitupa.

Jumamosi nikampigia. Shikamoo, marahaba, masomo vipi, nikamuuliza zile santuri zilikuwa za nani. Akacheka. "Wewe si ndiye uliyezirusha?" Nikamwomba radhi, miaka kumi na mitano imechelewa. Akasema zilikuwa za mchanganyiko, Wakongo, Wakenya, na za Wazambia alizonunua ng'ambo ya mpaka, majina mengine kayasahau. Nikamuuliza, mbona hukuwahi kutusimulia? Akasema, "Hamkuuliza. Nilidhani mtaona mambo ya kizamani." Kisha akaanza kuniimbia ile besi kwa mdomo, dum dum dum, mzee wa watu, na mimi nimeshika simu na kalamu najaribu kuandika nisichoweza kuandika, mpaka salio likakata.

Basi, wadau, hapo ndipo nilipopata jibu la yule dada. Bendi inakufa mara mbili. Mara ya kwanza wanamuziki wakikosa pesa, au santuri zikikosa gari la kuzifikisha dukani. Mara ya pili ni pale anayeijua akinyamaza, iwe ni kwa aibu kama Ba'mdogo au kwa majivuno kama mimi. Ile ya kwanza hatuiwezi. Ya pili iko mikononi mwetu.

Kwa hiyo natangaza rasmi: usaili wa nyimbo tatu nimeufuta. Ijumaa hii saa kumi na moja jioni, kimbweta cha mwisho karibu na mwembe, spika ninayo, mwenzangu analeta WITCH na uji, mimi naleta Big Star. Yule dada wa fizikia nimeshamwomba msamaha mbele ya wale wale waliocheka, na amesema atakuja, na fulana yake. Anayependa singeli aje nayo pia, tusikilizane. Na kabla hujaja mpigie mzee mmoja kwenu, baba, mjomba, shangazi, umuulize alikuwa anasikiliza nini alipokuwa na umri wako. Niandikieni hapa chini watakachosema.

Ngoja sasa nikaguse hayo madesa, nisije nikadisko kwa ajili ya magitaa.

Naomba kuwasilisha.